Kisu cha Mfukoni kwa Mwana Aendaye Nyeri



Wasomaji wetu wapendwa, kila vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, nyumba nyingi za mwambao huingia katika shughuli ya kufunga masanduku. Watoto wetu, wa kike na wa kiume, wanakwenda bara, na baadhi yao wanapangiwa masomo katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri, Chuo Kikuu cha Karatina, cha Chuka au cha Meru. Mama hutia blanketi zito, sweta, msala, msahafu, achari na viungo vya pilau. Kisha huja swali ambalo wazazi huulizana kabla ya sanduku kufungwa: je, tumtilie na kisu kidogo cha kukunja? Na kikiwa ni cha kutiwa, kiwe cha namna gani?

Swali hili ni dogo kwa umbo, lakini ndani yake mna mambo mawili yasiyochanganyika. Mzazi mmoja huuliza kwa ajili ya chakula na kazi za kila siku. Mwingine huuliza kwa ajili ya hofu. Wa kwanza twamjibu ndiyo, na sehemu kubwa ya ukurasa huu ni yake. Wa pili twamjibu hapana, nasi twaanza naye kwa kuwa jambo lake ndilo lenye hatari.

Twaielewa hofu hiyo. Mama aliye Kisauni au Lamu akimfikiria binti yake akitoka maktaba usiku, katika mji asioujua, wenye baridi na ukungu, moyo wake hautulii. Lakini kisu kifupi cha mfukoni hakimlindi mtu. Ili kimfae, adui lazima awe amekwisha kumfikia. Na aliye na nguvu zaidi hukinyakua, kikageuka juu ya mwenyewe. Isitoshe, Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, yahesabu kuwa ni kosa mtu kutembea hadharani na silaha bila sababu ya halali kwa namna ya kutia watu hofu. Na ni kosa kubwa zaidi kukutwa na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha kwamba mtu amekusudia jinai. Kijana aliyeambiwa na mzazi wake, "Chukua hiki ujihami," akiulizwa na askari saa nne za usiku atajibu hivyo hivyo, na jibu lake litamtia mashakani. Ulinzi wa kweli ni makazi yaliyo karibu na chuo, kutembea wawili au watatu, simu iliyojaa chaji, na kujuana mapema na Waislamu wa msikiti wa mji ule na jumuiya ya wanafunzi wenzake. Hayo ndiyo ya kumtilia sandukuni.

Sasa tuje kwa mzazi wa kwanza. Nyanda za Mlima Kenya ni nchi ya neema. Parachichi na makadamia hulimwa kwa wingi Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru, na soko la Karatina limejaa viazi, karoti, kabichi, nduma na matunda. Mwanafunzi anayejipikia chumbani hushika kisu kila siku: kumenya, kukata kamba ya mzigo, kufungua gunia la mchele lililotumwa kutoka nyumbani.

Juu ya hayo, ipo sababu inayotuhusu sisi hasa. Katika miji ile Waislamu ni wachache, na nyama ya nguruwe huuzwa na kupikwa waziwazi. Jirani wa bwenini aweza kuwa mtu mwema kabisa, akamwazima mwanao kisu bila kujua uzito wa jambo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, chombo kilichoguswa na nguruwe kikiwa na umajimaji huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Ni rahisi zaidi kijana kuwa na kisu chake mwenyewe kuliko kumhoji kila jirani kisu chake kimekata nini. Hapo hapana ugomvi wala dharau kwa mtu. Pana usafi tu.

Tukubaliane basi kwamba kisu ni cha kazi. Kichaguliwe vipi?

La kwanza ni urefu. Ubapa wa sentimita sita hadi tisa watosha kwa tunda, mkate, kamba na karatasi. Ukizidi hapo, kisu chaanza kuonekana silaha hata kikiwa mikononi mwa mpole. Kwa sababu hiyo hiyo, viepukeni visu vinavyofyatuka kwa kubonyeza kitufe, vyenye rangi nyeusi tupu, meno ya msumeno mgongoni au picha za mafuvu. Kisu cha kazi hujieleza chenyewe kwa sura yake.

La pili, na ndilo kubwa, ni kifungo. Kisu cha kukunja kina bawaba, na bawaba yaweza kukunjika wakati usiotakiwa, ubapa ukarudi juu ya vidole. Baadhi ya visu havina kifungo chochote ila springi ya mgongoni inayoushikilia ubapa; hivyo vyafaa kwa kazi nyepesi za kukata kwa kuvuta, si kwa kuchoma wala kusukuma. Vingine vina kipande cha chuma ndani ya mpini kinachoukingama ubapa ukishafunguka, au komeo ya mgongoni, au pete ya kuzungusha. Kwa kijana asiyezoea, kifungo ni bora. Mkiwa dukani, kifungueni polepole, muutikise ubapa kulia na kushoto; ukicheza, kirudisheni. Kisha ubapa ukiwa wazi, usukumeni kidogo kwa mgongo wake, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Ukijikunja, kifungo hicho ni cha jina tu.

La tatu ni chuma. Chuma cha pua cha kawaida hushika makali vizuri na kunoleka kwa urahisi, lakini hupata kutu upesi, na sisi watu wa pwani twajua hewa ya chumvi inavyokula chuma. Kule mlimani hakuna chumvi, lakini kuna ukungu na manyunyu. Kwa anayeishi baina ya nchi hizi mbili, chuma kisichoshika kutu ndicho kinachofaa, hata kama kinahitaji kinoo mara kwa mara.

La nne ni mpini. Asubuhi za Julai kule Nyeri vidole hufa ganzi. Mpini mwembamba na laini huteleza. Chagueni unaojaza kiganja, wa mbao au plastiki yenye mikwaruzo, na unaofunguka bila kuvunja kucha.

Kwa mfano, iko aina tatu zenye historia ya kujulikana. Visu vyekundu vya Victorinox vya Uswisi vilitokana na karakana iliyofunguliwa na Karl Elsener mwaka 1884. Kisu chenye vifaa vingi kilichosambaa duniani kilisajiliwa mwaka 1897. Kina ubapa, kopo hufunguka nacho, na vingine vina mkasi, jambo linalomfaa binti anayeshona. Ila wengi wao ubapa hauna kifungo, na vilivyo bandia ni vingi, basi tazameni alama iliyopigwa kwenye shina la ubapa. Visu vya Opinel vya Ufaransa, vilivyoanza mwaka 1890, vina mpini wa mbao, na tangu mwaka 1955 vina pete ya kuzungusha inayoufunga ubapa. Ni vyepesi na sura yake ni ya jikoni. Vipo vya chuma kinachoshika kutu na visivyoshika, basi someni kabla ya kulipa. Cha tatu ni Okapi, kilichoanza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, na baadaye kikahamia Afrika Kusini. Ni kisu cha mkulima, imara na cha bei ndogo. Lakini katika miji mingi ya kusini mwa bara letu jina lake limeambatana na wahuni, na kwa ajili hiyo hatumshauri mwanafunzi akibebe. Kisu hakina kosa. Macho ya watu ndiyo yatakayomhukumu mchukuaji. Na kama hakuna hata kimoja katika hivyo, kisu kisicho na jina kilichopita majaribio ya bawaba na kifungo chatosha.

Pia mfundisheni kijana kazi ambazo si za kisu hicho. Ganda la makadamia ni gumu mno. Hupasuliwa kwa jiwe au kifaa chake, na ncha ya kisu hukatika juu yake. Muwa una panga. Parachichi lisikatwe likiwa kiganjani: liwekwe juu ya ubao, na kokwa litolewe kwa kijiko, kwani kisu kinachoteleza juu ya kokwa huingia katika kiganja na kukata mishipa. Na kuku? Chinjo halali lataka chombo kikali kinachokata koromeo na umio, na kisu kidogo kikiwa kikali chaweza kutimiza sharti hilo. Hata hivyo twapendekeza kisu cha jikoni kisichokunjika. Damu inayomwagika ni najisi, nayo huingia ndani ya bawaba mahali pasipofikiwa na maji kwa urahisi. Kesho yake kisu kile kile hukata embe. Tena mnyama ana haki ya kupumzishwa kwa makali yaliyonolewa vyema, kama alivyotuagiza Mtume (S.A.W.).

Safari nayo ina mambo yake. Anayepanda treni ya Madaraka kutoka Miritini hukaguliwa mizigo, na visu haviruhusiwi humo. Anayepanda ndege hawezi kukiweka katika mkoba wa mkononi. Kwa hiyo, rai yetu ni kwamba msikitie sandukuni hata kidogo. Mpeni kijana pesa zake, akinunue katika duka la vifaa Nyeri au Karatina akishafika, kwa kuyafuata haya tuliyoyataja. Na wale wanafunzi wa shule za sekondari za bweni wasipewe kabisa, kiwe kidogo namna gani. Sheria za shule hazikubali, na adhabu yake yaweza kuwa kufukuzwa.

Wapo watakaosema kwamba adabu za kisu ni mambo ya kigeni. Ni kweli kwamba mjini Nyeri ndipo alipozikwa Baden-Powell mwaka 1941, yule Mwingereza aliyeanzisha uskauti, na kwamba maskauti hufundishwa kukabidhi kisu kwa kutanguliza mpini, kukata kuelekea nje ya mwili, na kuhakikisha hakuna mtu karibu kwa urefu wa mkono. Lakini mafunzo hayo kwetu si mageni. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumpokeza mwenziwe upanga uliochomolewa, aliwaagiza waliopita msikitini au sokoni na mishale waishike kwa vyembe ili wasimdhuru mtu, na alionya vikali juu ya kumwelekezea ndugu yako chuma, hata kwa mzaha. Kijana akiyashika hayo matatu, kisu chake hakitamwumiza jirani: hukunjwa kabla ya kupokezwa, hukaa kimefungwa ndani ya mkoba aingiapo msikitini, na hakichezewi kamwe.

Kwa mabinti, buibui nyingi hazina mfuko, na kisu hukaa mkobani pamoja na simu na funguo. Kiwekwe katika kijaluba chake chenye zipu, kisije kikafunguka ndani, wala mtoto wa shangazi asikipate anapotafuta peremende.

Utunzaji wake ni mwepesi. Baada ya kazi kioshwe, kifutwe mpaka ndani ya bawaba, kikauke kikiwa wazi. Kinolewe kwa kinoo chepesi kila makali yapungukiwapo, maana kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ndiyo inayomfanya mtu ateleze. Bawaba ipewe tone moja la mafuta ya cherehani, na ubapa ufutwe kabla ya kugusa chakula. Msitumie mafuta ya nazi: huku kwetu ni maji, lakini kwa baridi ya Nyeri huganda yakawa meupe kama samli, na kisu kikakataa kufunguka.

Wazazi wenzetu, kabla ya kumpa mwanenu fedha za kisu, muulizeni swali moja: utakitumia kwa nini? Akitaja embe, kamba na mkate, mpeni kwa moyo mkunjufu. Akitaja mtu, wekeni fedha hizo mfukoni, mkae naye kitako mpaka mjue kinachomtisha, kisha mshughulikie hicho kabla ya siku ya safari.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali, awape elimu yenye manufaa, na awarudishe salama. Amin.