Chuma si Kimoja

Mwonyeshe mwanafunzi wetu wa Kiswahili kipande cha bati, ekseli ya lori na bloku ya injini, kisha umwulize vimefanywa kwa nini. Vyote, atasema, ni chuma. Kwa mnunuzi wa skrepu jawabu hilo ni hasara tupu. Kilo ya ekseli hununuliwa ghali kuliko kilo ya bati, kwani bati jembamba huliwa na kutu na sehemu yake hupotea tanurini. Bloku, ikiwa ni ya chuma cha kusubu, ina kaboni ipitayo asilimia 2. Ukiigonga kwa nyundo huvunjika badala ya kupinda, nayo hutengwa kando. Chuma kisichoshika kutu mara nyingi hakinaswi na sumaku, na nikeli iliyomo hukipandisha bei.

Kamusi zetu zinayo maneno feleji, pua na kusubu. Ni walimu wangapi wayafundishao? Sisi wa vyuo vikuu twabishana juu ya istilahi za isimu, ilhali kijana auzaye vyuma hupunjwa kwa kutojua jina la bidhaa yake. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 yamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za ununuzi wake. Ataandika nini daftarini, ikiwa shule ilimpa neno moja tu?