Kijana wa Aru anayetaka urubani aanzie Soroti, si Kinshasa

Kaskazini mwa Ituri, ndege si anasa. Barabara ya Aru kwenda Bunia kupitia Mahagi imekuwa ya mashaka kwa miaka kwa sababu ya makundi yenye silaha, na katika mkoa huu wagonjwa na dawa husafirishwa pia kwa ndege ndogo, zikiwemo za shirika la misheni la MAF. Si ajabu kijana mwenye diploma ya Serikali akatamani kuzirusha. Tabu ni kwamba anapouliza njia, anaelekezwa Kinshasa au Ulaya.

Ushauri huo unampoteza. Kinshasa iko zaidi ya kilometa 1,800. Soroti, nchini Uganda, haifiki kilometa 350 ukipiga mstari kwenye ramani. Huko kuna chuo cha marubani na mafundi wa ndege kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, chuo kikabaki Uganda. Katika Jumuiya ya sasa, Kongo ni mwanachama tangu mwaka 2022. Wabunge wa Aru wangefanya la maana kudai nafasi na karo nafuu kwa watoto wao huko, kuliko kuusifu uanachama huo mikutanoni tu.

Lakini familia isianze kwa kuuza ng'ombe. Ianze kwa daktari. Anayetaka kuishi kwa urubani lazima apate cheti cha afya cha daraja la kwanza, kutoka kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya anga. Hupimwa macho, masikio na moyo. Mtu anaweza kufika miaka ishirini bila kujua kwamba hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na hilo laweza kumfungia mlango. Kulipa karo kabla ya cheti hicho ni kamari.

Kisha Kiingereza. Tangu mwaka 2008, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, linataka rubani wa safari za kimataifa anayetumia lugha hiyo redioni awe amefika daraja la 4. Aliyesoma kwa Kifaransa ana kazi ya miezi. Hapo Aru ina bahati: Arua iko ng'ambo tu ya mpaka.

Pesa huliwa na saa za kuruka. Kwa kanuni za ICAO, leseni ya binafsi inataka miaka 17 na saa 40, na hairuhusu kulipwa mshahara. Wazazi wengi hawaambiwi hilo. Wanamaliza akiba hapo, mtoto anarudi na picha ya sare. Leseni ya biashara inataka miaka 18 na saa 200, au 150 katika chuo kilichoidhinishwa.

Na leseni ya Uganda peke yake haitoshi kurusha ndege iliyosajiliwa Kongo, hadi mamlaka ya anga ya Kongo iitambue. Hapo ndipo safari ya Kinshasa inapohitajika, na inakuja mwisho.