Thabeet: Lawama zisizo zake peke yake

Kila inapotajwa orodha ya wachezaji walioshindwa kutimiza matarajio katika ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, jina la Mtanzania Hasheem Thabeet halikosekani. Juni 2009 klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin, na kuwaacha James Harden, aliyechukuliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Curry amekwishatwaa ubingwa mara nne. Thabeet aliondoka katika ligi hiyo baada ya michezo 224, akiwa na wastani wa pointi 2.2.

Takwimu hizo ni za kweli, lakini hazielezi kijana huyo wa Dar es Salaam alifikaje Memphis.

Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alianza kucheza akiwa na umri wa miaka 15 hivi, wakati wenzake wa Marekani huwa wameshika mpira tangu utotoni. Miaka minne baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko hapakuwa na mzaha: Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka mipira 11 iliyorudi na kuzuia mitupo 10. Msimu huo aliisaidia timu yake kufika nusu fainali ya taifa ya vyuo vikuu.

Hata hivyo, kuzuia mitupo ya wanafunzi ni jambo moja, na kupambana na watu wazima wenye nguvu chini ya kikapu ni jambo jingine. Katika ushambuliaji alikuwa bado mwanafunzi. Memphis nayo tayari ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyo hiyo, hivyo mchezaji aliyehitaji dakika nyingi za kujifunza alizipata chache mno. Februari 2010 alipelekwa katika ligi ndogo, kwa Dakota Wizards, na mwaka uliofuata akauzwa Houston. Baadaye alipita Portland na Oklahoma City.

Ulinganisho wa haki zaidi si Curry, bali Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyefariki dunia mwaka 2024. Mutombo naye alikuwa mrefu, naye alichelewa. Tofauti ni kwamba alibaki Georgetown hadi alipohitimu, akaingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25. Thabeet aliondoka chuoni na miaka 22, kabla ya kumaliza mwaka wa nne. Ni vigumu kumlaumu kijana aliyeitwa na mamilioni ya dola. Lakini mwaka mmoja zaidi pengine ungemfaa.

Jambo ambalo wakosoaji hulisahau ni kwamba hakuacha mchezo. Alicheza Japan, kisha Taiwan, zaidi ya miaka kumi tangu siku ile ya kuchaguliwa.

Alipokuwa na miaka 15, hapakuwa na kituo cha NBA barani Afrika kilichomsubiri. Kile cha Senegal kilianza mwaka 2017, na Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Kigali mwaka 2021. Thabeet wakati huo alikuwa na miaka 34.