Tusimkataze Mgonjwa Chai, Tumfundishe Kuiandaa

Katika kliniki ya kisukari niliwahi kutoa agizo la maneno mawili ambalo nalijutia hadi leo. Mbele yangu alikaa mzee mstaafu wa zaidi ya miaka 70, aliyekuwa akitumia vidonge vya glibenklamidi. Sukari yake ilikuwa haitulii. Nilipomwuliza anakunywa nini nyumbani, alijibu kwa uchangamfu kwamba hunywa chai, vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vinne vya sukari. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Mzee, acha chai," nikaandika dawa, nikamwita anayefuata.

Wiki mbili baadaye aliletwa akitokwa jasho, akitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka chini ya milimoli 3 kwa lita. Alipopata fahamu zake baada ya kupewa glukosi kwenye mshipa, mkewe alitueleza yaliyotokea. "Daktari, si ulimkataza chai? Tangu siku ile hanywi. Asubuhi anameza vidonge vyake, anakaa hivyo hivyo mpaka chakula cha mchana."

Kosa lilikuwa langu. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, chai si kinywaji peke yake. Anayeuliza "Umekunywa chai?" anataka kujua kama mwenzake amekula asubuhi, na ndani ya neno hilo mna mkate, muhogo, kiazi, chapati, au kiporo cha jana. Mimi nilidhani nimekataza sukari. Yeye alisikia kwamba nimekataza kifungua kinywa, akatii kama watu wa rika lake wanavyomtii daktari. Glibenklamidi huichochea kongosho kutoa insulini, chakula kiwe kimefika tumboni au hakijafika. Agizo langu lilikaribia kumwua.

Mama yule aliongeza jambo jingine, ambalo halikuingia katika faili. "Na tena, mwanangu, siku hizi jioni hakai nami barazani. Nikimwita, ananiuliza akae kufanya nini."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Nasema kwamba chai nzuri, iliyoandaliwa vizuri na kunywewa kwa utulivu nyumbani, ni starehe ya kila siku ambayo sisi wahudumu wa afya tunapaswa kuilinda, si kuipiga marufuku kwa mazoea. Madhara mengi tunayoisingizia chai yenyewe hutokana na mambo matatu yanayoandamana nayo: sukari, joto na wakati. Yote matatu yanarekebishika bila kumnyang'anya mtu kikombe chake.

Tuanze na sukari. Kijiko kimoja cha chai, kisichojazwa kwa kilele, huchukua takriban gramu 4. Mzee wangu alikuwa akitumia vijiko 12 kwa siku, yaani gramu 48 hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri kwamba sukari ya kuongezwa na ile iliyomo katika asali na juisi isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi isifikie asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko 6. Chai yake pekee ilikuwa ikipitisha kiwango hicho karibu mara mbili.

Lakini swali ambalo sikumwuliza ni kwa nini kikombe chake kilihitaji vijiko vinne. Jibu nililipata baadaye, na lilikuwa jikoni. Katika nyumba nyingi majani hutiwa pamoja na maji baridi, yakachemshwa robo saa au zaidi, kisha sufuria ikaachwa jikoni juu ya makaa kumngojea aliyechelewa kuamka. Kadiri majani yanavyokaa katika maji ya moto, ndivyo yanavyotoa taanini nyingi zaidi, zile kemikali zinazoukaza ulimi na kuleta ukakasi. Chai ikishakuwa chungu, mkono huenda wenyewe kwenye kopo la sukari. Kwa hiyo sehemu ya sukari tunayoilaumu kliniki ni fidia ya majani mabaya au yaliyochemshwa kupita kiasi.

Hapa ndipo ubora wa chai unapokuwa suala la afya. Nasi hatuko mbali na chai nzuri. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa Kijerumani waliujaribu mmea huu katika kituo cha Amani, Usambara. Leo mashamba yanaonekana Usambara, Mufindi, Njombe na Rungwe, katika nyanda za juu zenye mvua na ukungu. Chai bora huchumwa kwa kuchukua majani mawili na chipukizi lake. Sehemu kubwa ya mavuno yetu hupondwa, huchanwa na kuviringishwa kwa mashine hadi kuwa punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi na ukali kwa haraka, na kwa sababu hiyo hiyo hazihitaji kuchemshwa kwa muda mrefu. Wapo pia wanaotengeneza majani marefu ya kusokotwa, yenye ladha laini na harufu ya kupendeza.

Mnunuzi hahitaji utaalamu. Achague pakiti ambayo muda wake haujapita, yenye punje zinazolingana, isiyojaa vumbi na vijiti. Akiifungua, harufu imfikie bila kuitafuta. Akifika nyumbani aihifadhi katika kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na mwanga, unyevu, viungo na mafuta ya taa, kwa kuwa majani ya chai hufyonza harufu za jirani. Na hii si anasa ya matajiri: kikombe kimoja huhitaji takriban gramu 2 za majani, hivyo pakiti ya gramu 100 hutoa vikombe 50 hivi.

Namna ya kuiandaa ni rahisi. Chemsha maji, uyaepue, utie kijiko kimoja kidogo cha majani kwa kila kikombe, ufunike kwa dakika 3 hadi 5, kisha uchuje yote. Usiyaache majani ndani ya birika. Apendaye tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai avichemshe kwanza katika maji, kwa sababu viungo huvumilia moto; majani yaje mwisho. Kwa chai ya maziwa, maziwa yachemke kikamilifu kwanza, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya maradhi kama vile bruselosisi, ndipo majani yafuate. Kisha sukari ipunguzwe nusu kijiko kila wiki. Ulimi hujifunza taratibu, na baada ya wiki chache kikombe cha zamani huonekana kitamu kupita kiasi.

Jambo la pili ni joto. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 za selsiasi, huenda vikasababisha saratani ya umio. Tatizo ni moto wa kinywaji, si chai. Tangazo hilo linatuhusu, kwa maana Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo ambako saratani hii hutokea kwa wingi, na watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro walikuta wengi wakianza kuinywa ikiwa juu ya kiwango hicho. Chupa ya chai huhifadhi moto kwa saa nyingi. Basi mimina, weka kikombe mezani, zungumza kidogo, ndipo unywe. Ikiwa unalazimika kuipuliza au kuivuta kwa sauti ili isikuunguze, bado haijawa tayari.

Jambo la tatu ni wakati. Taanini na jamii yake hunasa madini ya chuma yaliyo katika maharage, mchicha na vyakula vingine vya mimea, yakapita bila kufyonzwa. Kwa mwenye damu ya kutosha na mlo mchanganyiko hili si janga, lakini kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu lina uzito. Kila wiki nawaona akina mama wanaoteremsha vidonge vya kuongeza damu kwa chai, kwa sababu hakuna aliyewaambia vinginevyo. Vidonge hivyo vinywewe kwa maji, na chai isubiri angalau saa moja, vivyo hivyo baada ya mlo. Mtoto mdogo asipewe chai mahali pa maziwa au uji. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo aimeze kwa maji matupu kabla ya kula, chai ifuate baadaye. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi cha maji kwa siku ahesabu na kikombe cha chai ndani ya kiasi hicho. Asiyepata usingizi anywe cha mwisho mapema, kwa kuwa kafeini hubaki mwilini kwa saa kadhaa.

Najua wenzangu watasema hatuna muda, na kwamba "acha chai" ni fupi na ni salama. Ni fupi kweli. Kuhusu usalama nimekwisha kueleza. Maswali matatu yanatosha, nayo hayazidi dakika moja: Unaweka vijiko vingapi? Unainywa ikiwa ya moto kiasi gani? Unainywa pamoja na nini? Majibu yake yatamwelekeza muuguzi au daktari kwenye jambo moja la kubadilisha, na mgonjwa ataondoka na ushauri anaoweza kuutekeleza. Mgonjwa anayeamriwa kuacha kila anachokipenda mwishowe huacha jambo moja tu: kuja kliniki.

Sidai kwamba chai ni dawa. Wapo wanaouza majani kwa ahadi za kusafisha damu na kuponya kila ugonjwa; wagonjwa wajihadhari nao, wala wasiache matibabu kwa ajili yao. Chai haihitaji kuwa dawa ili ipate nafasi mezani. Inatosha kwamba inawakutanisha watu, inamfanya mgonjwa akae chini kwa nusu saa, na inampa jambo la kulitazamia katika siku iliyojaa vidonge na vipimo. Maisha tunayojitahidi kuyarefusha yanapaswa kubaki na vitu vya kumfurahisha mwenye kuyaishi.

Mzee yule alirudi kliniki. Tulibadilisha dawa yake, nikamwomba radhi, na safari hii nikazungumza na mkewe pia kuhusu majani, maji na muda wa kufunika. Walianza na vijiko vitatu. Miezi michache baadaye walikuwa wamefikia kimoja, na wakati mwingine hakuna kabisa. Mama alinieleza kwamba sasa mzee ndiye anayeiandaa chai ya jioni mwenyewe, na kwamba hapendi kuharakishwa. Nilipomwuliza mzee kama haoni shida kuinywa hivyo, alicheka. "Mwanangu," alisema, "miaka yote hii nilikuwa nakunywa sukari. Chai ndiyo kwanza naijua."