Mtoto Hatulii, Fimbo ya Nini?

Kila mwalimu wa darasa la tatu anamjua. Ubaoni pana hesabu kumi. Yeye amenakili tatu, na ya nne ameiacha katikati kwa sababu nje imepita pikipiki. Penseli imetafunwa hadi kwenye risasi, na sweta la tatu mwaka huu halijulikani lilipo. Ukimuuliza kwa mdomo anajibu kabla hujamaliza swali, tena mara nyingi anapata. Hapo ndipo hasira ya mwalimu inapopanda: kumbe akili anazo, basi anafanya kusudi. Anaitwa mbele, anachapwa, anaambiwa kesho asije bila mzazi. Mzazi naye akifika, anaahidi kumuongezea nyumbani.

Kwa baadhi ya watoto hawa hakuna kusudi lolote. Wana upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopita kiasi, hali inayojulikana kwa kifupi kama ADHD. Makadirio ya watafiti duniani ni kama mtoto mmoja katika kila ishirini. Darasa la watoto themanini, kwa hesabu hiyo, lina wanne hivi.

Wengi hudai haya ni matatizo ya siku hizi, yameletwa na simu na katuni. Lakini mwaka 1902, kabla ya televisheni kuwapo, daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake London akaeleza habari za watoto wenye akili nzuri ambao walishindwa kujizuia na kutulia kwenye jambo moja. Tafiti za mapacha nazo zimeonyesha kuwa hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa: kama asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya watu inatokana na vinasaba. Sukari haisababishi, malezi mabaya hayasababishi. Hili la malezi nalisisitiza kwa ajili ya akina mama, maana ndio wanaobebeshwa lawama na mashemeji, majirani na hata walimu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mtoto huyu anaweza kucheza mchezo wa simu saa mbili bila kupepesa macho. Si kwamba umakini hana. Hauendi anakoutaka yeye. Unafuata kilicho kipya, kinachomvutia, kinachomlipa papo hapo. Jambo lililo mbali, liwe zawadi au adhabu, humpotezea uzito upesi kuliko kwa wenzake. Ndiyo maana kumtisha kwa mtihani wa darasa la saba ni kazi bure, na kumchapa Ijumaa kwa kelele za Jumatatu ni kumuumiza tu. Fimbo inamtaka asimame, afikiri kwanza, akumbuke kilichompata jana, kisha ajizuie. Huo ndio uwezo uliochelewa kukomaa ndani yake. Baada ya miaka michache anachojifunza ni kwamba yeye ni mbaya, na mtoto aliyekwisha kuliamini hilo ni vigumu kumrudisha darasani.

Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ingawa kila mzazi anajua kuwa fimbo haijatoweka. Tanzania kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Mjadala wetu wa viboko huhusu haki na maadili, na ni sawa uhusu hivyo. Ila swali la kama vinafanya kazi kwa mtoto huyu hasa, halijapewa nafasi yake.

Wapo wanaohofia kwamba tukilikaribisha jina hili, kila mtundu atapewa cheti cha ugonjwa. Hofu yao ina msingi. Utafiti wa nchi kadhaa, zikiwemo Marekani na Kanada, umeona kuwa watoto wadogo zaidi kwa umri ndani ya darasa moja hupewa jina la ADHD mara nyingi zaidi kuliko wakubwa wao, yaani uchanga wa kawaida unadhaniwa kuwa kasoro. Kwetu kuna mengine ya kuongeza. Malaria iliyopanda kichwani huweza kuacha doa kwenye umakini hata baada ya mtoto kupona. Masikio yanayotoa usaha humfanya aonekane hasikii maagizo. Njaa, usingizi wa mang'amung'amu katika chumba cha watu sita, madini ya risasi kama yale yaliyowadhuru wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa: yote haya huvuruga umakini. Halafu lipo darasa lenyewe. Ukiwabana watoto mia moja na ishirini kwenye chumba cha arobaini, hata mtu mzima hatatulia.

Kwa hiyo upimaji hauwezi kuwa wa dakika kumi. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari vinataka dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, zinaonekana zaidi ya mahali pamoja, nyumbani na shuleni kwa mfano, na ziwe zinamkwamisha kweli. Msichana ndiye anayeachwa nje ya yote haya. Yeye mara nyingi harukiruki. Anakaa kimya dirishani, mawazo yako kwingine, na kadi ya ripoti inaandikwa "mzito". Kwa kuwa hamsumbui mtu, hakuna anayempeleka popote.

Dawa zipo, na kwa watoto wengi zinasaidia. Methilfenideti inatumika tangu miaka ya 1950. Lakini ni dawa inayodhibitiwa kimataifa, na mwaka 2019, na tena 2021, Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Maoni yangu ni kwamba hospitali za rufaa ziwe nayo, chini ya daktari anayefuatilia, kwa watoto waliozidiwa. Kuisubiri ili ndipo tuanze kusaidia ni kosa, kwa sababu mambo mengi ya mwanzo hayahitaji famasi.

Mwalimu anaweza kumkalisha mbele, mbali na mlango. Zile hesabu kumi ampe tatu, azisahihishe palepale, kisha ampe tatu nyingine. Agizo moja kwa wakati mmoja. Akianza kutapatapa, amtume akalete chaki ofisini. Amepata sababu halali ya kutembea na anarudi na heshima yake. Chuo cha Patandi, Arusha, na taasisi ya KISE, Nairobi, huandaa walimu wa elimu maalumu, lakini mtoto huyu hayuko kwenye kitengo maalumu. Yuko darasa la kawaida, na mwalimu wake wa kawaida ndiye anayepaswa kufundishwa haya akiwa bado chuoni.

Zamani ilidhaniwa mtu akikua hali hii inamtoka. Wengi haiwatoki, inakadiriwa watu wazima kama asilimia 2.5 wanayo. Utukutu wa mwili hupungua, lakini kusahau, kuahirisha na kukurupuka hubaki. Mfikirie fundi cherehani mwenye mkono mzuri kuliko wote mtaani, ana magauni sita yaliyokatwa na hakuna hata moja lililoisha, na kila mteja anaambiwa "njoo kesho". Wengine wanamwita tapeli, naye usiku halali kwa aibu. Si kila fundi mwenye ahadi hewa ana ADHD. Mwenye nayo, hata hivyo, kelele za wateja hazijamsaidia miaka yote hiyo, kama fimbo ilivyoshindwa kumsaidia alipokuwa mdogo.

Na huyo fundi ana watoto. Kwa kuwa hali hii hurithiwa, daktari anayempima mtoto angemuuliza na mzazi aliyemleta: wewe shule ilikuwaje? Jibu lina faida ya papo hapo. Mzazi mwenye hali ileile atasahau tarehe ya kliniki, ataruka dozi, atapoteza kadi, kisha ataandikwa kuwa hajali. Kliniki ikijua mapema, itamtumia ujumbe wa simu siku moja kabla, itaandika maelekezo mawili badala ya tisa, na itampima naye.