Mkonge wa Korogwe na Anguko la InVision

Tarehe 31 Desemba, 2024, kampuni ya Kimarekani iitwayo InVision ilifunga milango yake. Kwa wasomaji wetu wengi, wa bara na wa visiwani, jina hilo huenda likawa geni. Lakini kisa chenyewe si kigeni hata kidogo kwa mtu wa Korogwe aliyeishi kwa mkonge, wala kwa mtu wa Pemba aliyeishi kwa karafuu.

InVision ilianzishwa mjini New York mwaka 2011. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wasanifu. Msanifu alichora kurasa za programu ya simu, akazipeleka InVision kwa njia ya intaneti, na wenzake walio mbali wakazijaribu kana kwamba programu imekwisha tengenezwa, kisha wakatoa maoni yao. Jambo hilo lilipendwa mno. Desemba 2018 wawekezaji waliongeza dola milioni 115, na kampuni ikakadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1.9. Haikupita zaidi ya miaka mitano na siku chache, ikatangaza Januari 2024 kwamba mwisho wa mwaka huo ingefunga huduma zake.

Ni dhahiri kwamba haikuangushwa na upungufu wa mtaji. Michoro ilichorwa kwa programu za watu wengine, hasa Sketch. InVision ilikuwa mahali pa kuionyesha tu. Ilipotengeneza chombo chake cha kuchorea, kiitwacho Studio, wakati ulikuwa umekwisha pita. Figma, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016, iliwawezesha watu wengi kuchora na kujadiliana ndani ya mchoro mmoja kwa wakati mmoja. Wateja wakahamia huko.

Sisi tumekwisha yaona hayo. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyotushinda. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na udhaifu wetu wenyewe katika uendeshaji wa mashamba ukaongeza msiba. Katika miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Huko Unguja na Pemba, Indonesia iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu ilipanda mikarafuu yake yenyewe. Mnunuzi hana ahadi ya milele kwa mtu yeyote.

Hata hivyo iko tofauti moja ambayo viongozi wetu hawana budi kuizingatia. Mkonge ulipoanguka, ardhi ya Ngombezi na Magoma ilibaki mahali pake, na ikaweza kulimwa tena. Michoro iliyohifadhiwa katika mitambo ya kampuni ya mbali haibaki hivyo. Wateja wa InVision walipewa muda wa kuondoa kazi zao. Asiyeziondoa hadi siku ya mwisho hakuwa na mlango wa kubisha.

Leo halmashauri za Handeni na Korogwe, kadhalika ofisi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, zinaendesha shughuli nyingi kwa kompyuta. Bara tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Lakini sheria haimsaidii mtumishi anayetia sahihi mkataba asioujua. Kabla ya kutia sahihi, na aulize: kampuni ikifungwa, tutapewa notisi ya muda gani? Kumbukumbu zetu tutazitoa kwa njia ipi, na zitasomeka katika programu nyingine? Nakala yetu imewekwa wapi, na nani anaikagua? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Wengi wetu tumefundishwa tangu chuoni kwamba deni huandikwa mbele ya mashahidi, hata baina ya watu wanaoaminiana.

Nao vijana wa Handeni na Korogwe wanaojifunza usanifu wa kompyuta wasijifunze kubonyeza vitufe vya programu moja tu. Wajue ufundi wenyewe: kupanga ukurasa na kumfahamu mtumiaji. Fundi wa namna hiyo atahama na ujuzi wake.

Hatusemi kwamba tuvikatae vyombo vya wageni. Tunavihitaji. Lakini daftari la ardhi ya mwanakijiji na jalada la mgonjwa ni amana ya wananchi, na mwenye kupewa amana ndiye atakayeulizwa, si kampuni ya New York.