Bwawa la Farkwa na Mafuriko ya Bahi

Pwani, mikoko iliyokatiwa maji na tuta hufufuka tuta likifunguliwa, bahari ikajaa na kupwa kama zamani. Dodoma haina bahari, lakini ina maji yanayojaa na kupwa mara moja kwa mwaka. Mvua za Desemba hadi Aprili hushuka na Mto Bubu kutoka upande wa Kondoa, zikaishia Bahi, kwenye ardhioevu isiyo na njia ya kwenda baharini. Maji yakitanda, kambale na perege huzaliana. Yakipungua, mpunga na mifugo hupata nafasi.

Sasa Mto Bubu umepangiwa Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, kabla haujafika Bahi, ili Dodoma inywe. Sipingi bwawa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 jijini, na visima vya Makutupora vinavyolinywesha jiji vimeshalemewa. Ila visima hivyohivyo vina ushahidi ambao wapangaji wautazame: kati ya 1955 na 2010, misimu saba tu ya mvua kubwa ilichangia asilimia 60 ya maji yaliyozama kuvijaza. Mafuriko tunayoyaona ya hasara ndiyo yaliyoinywesha Dodoma.

Wapo wanaosema maji yanayotanda Bahi yanapotea kwa jua. Jua hilohilo litayanyonya bwawani pia, na huko halitaacha samaki wala mpunga wa mtu wa Bahi.

Hayo yalishatokea kwingine. Kaskazini mwa Kamerun, Bwawa la Maga lilijengwa mwaka 1979. Tambarare ya Waza-Logone chini yake ikakauka, uvuvi na malisho vikadidimia. Mwaka 1994 tuta la kando ya mto likafunguliwa kwa majaribio, maji yakarudi na majani ya malisho yakaota tena. Miaka 15 ilikuwa imepita, na mvuvi hawezi kusubiri miaka 15.

Sheria yetu ya rasilimali za maji ya 2009 inatambua akiba ya maji kwa ajili ya binadamu na mazingira. Hofu yangu ni akiba hiyo kugeuzwa kijito chembamba kinachotiririka mwaka mzima. Kijito hakifuriki. Bahi inahitaji wimbi la msimu, lenye kiasi na mwezi uliotajwa katika kibali cha maji, pamoja na milango ya bwawa yenye upana wa kulipitisha. Milango hiyo huamuliwa kwenye michoro, kabla ya zege, na wavuvi na wakulima wa Bahi wawepo mezani inapoamuliwa.